Mlengwa na Haki ya Kukataa

Kiswahili cha miradi kimetuzoesha neno "mlengwa". Kulenga, kwa asili yake, ni kazi ya mwindaji na ya askari. Hulengwa swala, hulengwa shabaha, na anayelengwa hutakiwa atulie mahali pake ili mkono usikose. Hata hivyo ndilo jina tulilompa mjane anayepokea ruzuku ya kaya, mkulima anayegawiwa mbegu, na mgonjwa anayefuatwa nyumbani na mhudumu wa afya. Wapo wanaopendelea "mnufaika", neno lenye hila yake nalo, kwa kuwa linatangaza matokeo kabla ya kazi: mtu huandikwa mnufaika siku mradi unapozinduliwa, wakati hakuna ajuaye kama atanufaika.

Kila mwaka ninapofundisha historia ya maendeleo vijijini huwapa wanafunzi zoezi moja. Wachukue ripoti yoyote ya tathmini ya kazi ya hisani, kisha watafute mahali ambapo aliyehudumiwa alisema jambo likasababisha mradi ubadilishwe au usimamishwe. Picha za akina mama wakitabasamu kando ya bomba hupatikana. Asilimia ya walioridhika hupatikana, tena pamoja na desimali yake. Majina ya vijiji, idadi ya madodoso, na hata gharama za mafuta ya gari hupatikana. Lile nililowatuma ndilo huwakesha, na wengi hurudi mikono mitupu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kumshirikisha anayehudumiwa si suala la kumuuliza. Kuulizwa tumeulizwa sana. Hakuna kaya maskini katika nchi hizi isiyowahi kuhesabiwa kuku wake. Suala ni kama jibu lake lina nguvu ya kuzuia kitu. Tena, wazo hili halikuletwa na washauri waelekezi katika miaka ya 1990 pamoja na karatasi zao kubwa za rangi na kalamu za wino mzito. Sisi wenyewe tulikuwa nalo mapema, tukalivunja kwa mikono yetu, na jirani zetu wakalijenga upya katika mazingira magumu kuliko yale ya kwanza. Nitaeleza kuvunjwa kwake Songea, na kujengwa kwake Kampala.

Mwishoni mwa mwaka 1960, bendera ya Mwingereza ikingali mlingotini, vijana wa TANU Youth League wa wilaya ya Songea waliingia porini mahali paitwapo Litowa ili kuanzisha kijiji. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Jaribio la kwanza lilishindwa. Wakarudi tena, na safari hii wakadumu. Kufikia mwaka 1963 walikuwa wameunda chama, Ruvuma Development Association, ambacho nitakiita RDA kama wenyewe walivyokiita, na katika miaka iliyofuata vijiji vingine vilijiunga hadi vikafikia takriban 17. Aliyekuja kuishi nao kama mshauri ni Ralph Ibbott, mkadiriaji majenzi kutoka Uingereza, ambaye kabla ya hapo alihusika na shamba la ushirika la misheni ya St Faith's katika Rhodesia ya Kusini. Alikaa Litowa na familia yake, hakukaa mjini.

Fedha za wafadhili zilifika, zikiwamo za Oxfam. Kinachonivutia ni mahali zilipofikia. Hazikufikia katika ofisi ya mratibu aliyetumwa kutafuta walengwa. Zilifikia katika chama ambacho wajumbe wake walitoka vijijini humohumo, waliolima pamoja mchana na kubishana jioni. Wao ndio waliotaka mashine ya kusaga nafaka mjini Songea imilikiwe na chama. Wao ndio waliotaka karakana. Shule ya Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, ilifundisha watoto wa vijiji hivyo kwa mpango uliotokana na maisha ya hapo, na wengi waliochunguza historia hiyo wameona alama zake katika "Elimu ya Kujitegemea" ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967. Kijiji kipya kilipoanza, hakikupelekewa bwana shamba kwa Land Rover. Kilipelekewa wanakijiji wazoefu kutoka vijiji vilivyotangulia, waliokwenda kuishi na wenzao na kushika jembe pamoja nao. Kundi hilo waliliita kwa jina la kijeshi, Social and Economic Revolutionary Army, jina ambalo kwa maoni yangu halikuwasaidia hata kidogo mbele ya watu wenye wasiwasi wa madaraka.

Tathmini nayo ilikuwapo, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Wanaoishi kwa chakula walichokipanda wenyewe hawahitaji mtu wa kuwatolea alama mwishoni mwa miaka mitatu, ghala huwaambia. Na wajumbe wanapokutana mara kwa mara na kusikia kijiji fulani kimelegea, aibu hufanya kazi ambayo viashiria vya mradi havijawahi kuiweza. Sisemi kwamba Litowa ilikuwa pepo. Kulikuwa na waliochoka wakaondoka, na uwiano kati ya sauti za wanawake na za wanaume katika vijiji vile ungestahili makala yake. Lakini waliokuwa ndani waliweza kusema "hapana", na hapana yao ikaheshimiwa.

Heshima hiyo ndiyo iliyowaponza. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na andiko lake la "Ujamaa Vijijini" la Septemba 1967 linasomeka katika sehemu nyingine kana kwamba mwandishi alikuwa na Litowa akilini. Viongozi wengine wa chama na wa mkoa hawakupendezwa. Walichokiona Ruvuma ni wananchi wenye fedha yao, mashine yao, shule yao na mikutano yao, ambao hawakuhitaji idhini ya ofisi ya mkoa ili wafikiri. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua RDA ivunjwe. Mali zake zilichukuliwa, Ibbott na wageni wenzake wakaondoka, na walimu wa Litowa wakatawanywa. Chama kilichotangaza Ujamaa kilikuwa kimefuta vijiji vilivyokuwa mfano bora wa Ujamaa, na kilifanya hivyo kwa jina la Ujamaa.

Wafadhili je? Hapa ndipo historia inapogusa somo letu. Mwanahistoria Michael Jennings, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu mashirika ya hiari na Ujamaa, ameeleza jinsi Oxfam na mashirika mengine yalivyovutiwa na lugha ya serikali ya Tanzania hata yakawa kama mawakala wake. Yaliamini kwamba dola inayozungumza habari ya ushiriki wa wananchi bila shaka inauenzi. Vijiji vya Ruvuma vilipofutwa hayakuondoka, wala hayakugeuka kuwauliza wanavijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa kuchomewa nyumba. Maneno katika maandiko ya miradi yalibaki yaleyale: kujitegemea, kushiriki, wananchi wenyewe.

Katika mwaka huohuo wa 1969, Sherry Arnstein wa Marekani alichapisha makala kuhusu ushiriki wa raia katika mipango ya miji. Alichora ngazi yenye vipandio vinane: chini kabisa ni kuhadaiwa, katikati ni kupashwa habari, kushauriwa na kutulizwa, na juu ni raia kushika hatamu. Ngazi hiyo hufundishwa katika vyuo vyetu hadi leo, nami hufundisha. Nasikitika kwamba mwanafunzi wa Songea huijua ngazi ya Arnstein kuliko anavyoijua Litowa, ilhali Litowa ilisimama kwenye kipandio cha juu kabla ngazi haijachorwa.

Wazo lenyewe halikufa. Katika miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya viwanda vyake duniani. Paulo Freire alifika mwaka 1971 na kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Budd Hall, aliyefanya kazi katika taasisi ya elimu hiyo, alianza kuhoji utafiti unaowageuza wananchi kuwa machimbo ya takwimu. Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Kifini aliyewahi kuishi miongoni mwa Wazaramo, akaendesha kati ya mwaka 1975 na 1979 mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo. Watafiti wa chuo na wanakijiji walitakiwa kuchunguza matatizo pamoja na kuyatafutia dawa pamoja. Kwa hiyo "utafiti shirikishi", ambao leo tunauzungumza kana kwamba ni bidhaa ya dukani yenye nembo ya nje, sehemu kubwa ya kufinyangwa kwake ilifanyika hapa pwani. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo nzito: mtafiti aliweza kuandika aliyoyasikia, lakini hakuwa na namna ya kumlazimisha mwenye fedha au mwenye amri kuyatii.

Kabla sijavuka kwenda Uganda sina budi kupita Ngara, kwa sababu kuna hatari ambayo Litowa haikutuonyesha. Litowa ilituachia imani kwamba wananchi wakisikilizwa, mambo hunyooka. Ngara inauliza: msikilize nani?

Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Tanzania kwa muda wa takriban siku moja. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa usiku mmoja. Mwezi Julai mamia ya maelfu wengine wakamiminikia Goma, upande wa Zaire, ambako kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Mashirika ya misaada yalikabiliwa na swali la haraka: unagawaje unga kwa umati usioufahamu? Jibu lilionekana la busara na hata la kidemokrasia. Wakimbizi walikuwa wamekuja na wilaya zao na viongozi wao. Basi viongozi hao waorodheshe watu wao na wapokee chakula kwa niaba yao. Jamii ilikuwa imeshirikishwa.

Tatizo ni kwamba wengi wa viongozi hao ndio walioratibu mauaji ya kimbari. Walizidisha idadi ya watu, wakauza ziada, wakawatisha waliotaka kurudi nyumbani, na kwa kushika gunia la unga wakashika tena utawala waliokuwa wameupoteza. Mjane aliyekuwa na familia yake mwisho wa mstari hakuwa na kauli yoyote. Kauli yake ilikuwa imekwisha kutolewa na bwana mkubwa wa wilaya yake. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kujiondoa kambini kwa sababu hiyo.

Mwaka 1996 ilichapishwa tathmini kubwa ya pamoja ya misaada ile, iliyoanzishwa na Denmark na kuungwa mkono na nchi na mashirika mengi. Ilisema bila kumung'unya kwamba misaada haiwezi kuziba pengo la hatua za kisiasa, na ikauliza mashirika yanawajibika kwa nani. Katika mkondo wa mjadala huo zilizaliwa kanuni za Sphere kuanzia mwaka 1997, na mwaka 2003 chombo cha Geneva cha kusimamia uwajibikaji wa mashirika ya misaada kwa watu yanaowahudumia. Kila mfanyakazi wa asasi anayebandika leo namba ya simu ya malalamiko kwenye hema la mgao, ajue au asijue, anafuata njia iliyopita Benaco. Namba ya simu ni hatua. Lakini anayepiga ni lazima awe na simu, na asiwe na hofu ya jirani anayemsikia akipiga.

Wakati Benaco inajaa, kwa jirani zetu wa Uganda ilikuwa inakamilika kazi ya aina nyingine kabisa.

TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, lilianzishwa Novemba 1987. Noerine Kaleeba, aliyeliongoza, alikuwa mkuu wa shule ya tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 mumewe, Christopher, akiwa masomoni Uingereza, aligundulika kuwa na ugonjwa huo. Bi Kaleeba alikwenda kumuuguza, akaona jinsi mgonjwa anavyoweza kuhudumiwa kwa utu, kisha akarudi naye nyumbani ambako hata wahudumu waliogopa kumgusa. Christopher alifariki Januari 1987. Kikundi kidogo cha watu waliokuwa katika msiba uleule kikawa kinakutana kufarijiana. Waanzilishi walikuwa 16, na wengi wao walikuwa na virusi wenyewe. Katika miaka iliyofuata kikundi hicho kilizika wenzao mmoja baada ya mwingine. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa walikuwa wamekilalia.

Tofauti na Litowa ni kwamba hawakuwa wakulima wenye ghala lao. Walihitaji dawa, fedha, magari na vyumba vya hospitali, na vyote vilishikwa na wengine. Tofauti na Jipemoyo ni kwamba hawakuwa wakichunguzwa na wataalamu wenye moyo mwema. Mtaalamu na mwenye shida walikuwa mtu mmoja, au walikuwa mume na mke. Kwa hiyo maamuzi ya mwanzo yalibeba alama ya wanaoumwa. Waliweka neno UKIMWI katika jina la shirika, jambo lililowatisha wengi wakati ule. Walikataa kumwita mtu mgonjwa au mwathirika, wakamwita mteja. (Msomaji wa Kenya atacheka, maana kwake mteja ni yule ambaye sauti ya simu husema hapatikani kwa sasa. Huyu alipatikana.) Walishikilia wazo la kuishi kwa matumaini na virusi, wakati mabango ya serikali nyingi yalikuwa yanachora mafuvu ya vichwa. Mteja aliyepewa ushauri nasaha angeweza kesho yake kufunzwa ili awe mshauri wa wengine. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitokeza hadharani kutangaza hali yake, ardhi ilikuwa imekwisha kulainishwa na watu wasiojulikana majina, walioketi katika vyumba vya Mulago wakisema ukweli wao kwa sauti.

Sasa tathmini. Kati ya Juni 1993 na Mei 1994 TASO ilipima huduma zake za ushauri, matibabu na misaada ya kijamii katika vituo vyake 7. Ingewezekana kabisa kuajiri kampuni, iandike, ipokee malipo na kuondoka. Walichagua tathmini shirikishi, ambayo waliohudumiwa na waliohudumu walikuwa na sehemu katika kazi yenyewe, si kama watu wa kujaza madodoso pekee. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, chini ya jina lililoahidi kusimulia habari kutoka ndani.

Yatazame mambo yaliyopimwa. Takriban wateja tisa katika kila kumi walikuwa wamemweleza mtu mwingine hali yao ya maambukizi. Zaidi ya robo tatu walisema familia zao zimewapokea, na wengi karibu sawa na hao wakasema hivyo kuhusu jamii inayowazunguka. Mfadhili wa kawaida wa wakati ule angetaka idadi ya kondomu zilizogawiwa na watu waliofikiwa. Kupokelewa nyumbani ni kipimo anachokijua aliyewahi kutengewa sahani. Ninaamini kwamba hapa ndipo hasa faida ya kumshirikisha anayehudumiwa inapoonekana: anaweza kujibu maswali yako vizuri zaidi, lakini muhimu kuliko hilo, anabadilisha swali lenyewe. Nani angedhani kwamba, kwa mtu anayekaribia kufa katika nchi isiyo na dawa, kipimo cha huduma ni kama shemeji yake anakubali kula naye?

Tarehe 1 Desemba 1994, wawakilishi wa nchi 42 walikutana Paris na kutangaza kwamba watu wanaoishi na VVU washirikishwe kwa mapana zaidi katika kupanga na kutekeleza mapambano. Sharti hilo lilikuwa limedaiwa na wagonjwa wenyewe katika mji wa Denver, Marekani, tangu mwaka 1983. Lakini mtu aliyetaka kuona sharti hilo likifanya kazi katika nchi maskini, chini ya bati na bila dawa, alikuwa na Kampala ya kumwonyesha. Bi Kaleeba mwenyewe alijiunga na UNAIDS ilipoanza kazi mwaka 1996.

Haikuishia hapo, na sitaki kuiremba. Kuanzia mwaka 2003 fedha za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR ziliingia kwa wingi katika nchi zetu na zikaleta dawa za kufubaza makali ya virusi. Watu ambao wangekuwa wamezikwa wanasomesha watoto leo, na hakuna hoja ya nadharia inayoweza kulipunguza hilo. Lakini pamoja na dawa zilikuja fomu. Mashirika yaliyoanzishwa na wagonjwa yakawa makubwa, yakaajiri maofisa wa takwimu, na takwimu zikaanza kupanda kuelekea Washington kila robo mwaka. Mteja alihesabiwa kwa uangalifu ambao hajawahi kuhesabiwa nao. Ila swali sasa lilitungwa kwingine.

Gharama ya mpangilio huo tuliiona mwaka 2025. Tarehe 20 Januari ya mwaka huo rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Katika siku chache amri za kusitisha kazi zikafika katika vituo na kliniki za Afrika Mashariki. Msamaha kwa huduma za kuokoa maisha ulipotangazwa baadaye, katika maeneo mengi watumishi walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani. Tarehe 1 Julai shirika la USAID likawa limefikia mwisho wake. Sitabishana hapa juu ya haki ya taifa kutumia kodi yake litakavyo. Ninachotaka wasomaji wangu watumishi wa umma wakitazame ni hiki: kwa zaidi ya miaka 20 maoni ya waliohudumiwa yalikusanywa, yakachambuliwa na kupelekwa, na siku ya uamuzi hakukuwa na meza hata moja ambapo walikuwa na kiti. Walijua kwa kukuta mlango umefungwa.

Wanaharakati wengi wamehitimisha kwamba dawa ni kujitegemea kifedha, na wana hoja. Ila Litowa inatukumbusha kwamba walivunjwa na watu wetu wenyewe, si na mfadhili. Fedha ya ndani haimpi mwananchi sauti moja kwa moja. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na serikali yetu unawaita walengwa vilevile.

Niseme basi jambo dogo la kisheria, ambalo liko ndani ya uwezo wa wanaosoma hapa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inalitaka kila shirika liandae kila mwaka taarifa ya kazi zake na ya hesabu zilizokaguliwa, na kuipeleka kwa Msajili. Taarifa hupanda. Haishuki. Mfadhili huipata kwa Kiingereza, Msajili huipata, na mkazi wa kijiji kilichopigwa picha ukurasa wa mbele haioni. Wakati huohuo sheria ya serikali za mitaa, Na. 7 ya mwaka 1982, imekipa kila kijiji mkutano mkuu wa wakazi wake wote wazima, na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Ndipo panaposomwa mapato na matumizi ya kijiji, na ndipo mwenyekiti anapotoka jasho.

Kwa nini taarifa ya shirika isisomwe hapo, kwa Kiswahili, kabla haijapelekwa kwa Msajili? Najua majibu yatakayokuja. Wataniambia mikutano haifikii akidi, na ni kweli katika vijiji vingi. Lakini akidi hupotea mahali ambapo watu wamejifunza kwamba hakuna linaloamuliwa. Wataniambia watu watadai posho ya kuhudhuria, nami nitajibu kwamba mashirika ndiyo yaliyowafundisha. Watakaonipa taabu ni wale watakaonikumbusha Benaco: kwamba mkutano wa hadhara ni uwanja wa wenye sauti nene, kwamba mwanamke anayepigwa na mjumbe wa serikali ya kijiji hatasimama kusema mradi wa kupinga ukatili haumfikii. Kwa huduma za siri na za aibu mkutano hautoshi, na hapo njia ya TASO ya kuwaweka wenye shida ndani ya shirika lenyewe, kwenye bodi na kwenye ajira, ni bora kuliko jukwaa lolote. Kwa visima, zahanati, mbegu, madarasa na ruzuku, mkutano unatosha kwa kuanzia.

Kanuni inayohitajika ni fupi. Msajili asipokee taarifa ya mwaka ya shirika linalofanya kazi vijijini kama haikuambatishwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kimoja angalau, kilichochaguliwa kwa kura na si na shirika. Muhtasari huo uandikwe na mtendaji wa kijiji, na uwe na sehemu mbili ambazo fomu za sasa hazina: wananchi wamekataa nini, na shirika limejibu nini.